Gridi au Ujima? Maoni Kuhusu Istilahi ya Ukokotoaji wa Pamoja

1.0 Utangulizi

Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili wa isimu, mwanafunzi aliyekuwa akitetea pendekezo lake la utafiti alieleza kwamba alikusudia kuchanganua matini nyingi za Kiswahili "kwa njia ya gridi". Mwenzake aliyeketi safu ya nyuma akauliza, tena kwa dhati, iwapo chuo kimekwisha kuomba kibali cha shirika la umeme. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwandishi wa makala haya hakujizuia. Hata hivyo, baada ya kutafakari, ilidhihirika kwamba muulizaji hakuwa amekosea hata kidogo. Kwa mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili gridi ni moja tu, nayo ni Gridi ya Taifa: mabwawa, nguzo, nyaya na vituo vya kupozea umeme. Kosa, kama lipo, ni letu sisi tuliomkabidhi neno hilo bila kulichunguza.

Makala haya hayakusudii kuwa kitabu cha mafunzo ya kompyuta. Yanakusudia kueleza, kwa kiasi kinachomtosha msomi wa lugha na fasihi, ukokotoaji wa gridi ni kitu gani na umetumika wapi. Kisha yanadai kwamba neno gridi, tulilolitohoa kwa haraka, limeficha jambo ambalo Kiswahili kilikuwa na uwezo wa kulidhihirisha, yaani kwamba kiini cha teknolojia hii si nishati inayouzwa bali ni kazi inayochangiwa. Tunapendekeza istilahi ukokotoaji wa ujima. Pendekezo hili huenda likaonekana na baadhi ya wasomaji kuwa la kishairi mno. Tunawaomba wavute subira mpaka tutakapofika katika Bonde la Kilombero.

2.0 Kiini cha teknolojia yenyewe

Tuanze na hali ya kawaida. Kompyuta iliyo mezani pa mhadhiri hufanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya siku. Anapoandika, mashine hungoja baina ya herufi na herufi. Anapokwenda kufundisha, hungoja saa nzima. Usiku kucha hungoja au huzimwa. Wakati huohuo, katika jengo la jirani, yupo mtafiti ambaye hesabu zake zingechukua miezi katika mashine moja. Wazo la kuazima muda huo unaopotea si geni. Mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walianza kutumia mfumo walioupa jina la Condor, ambao ulizitafuta kompyuta zilizokaa bure na kuzipelekea kazi za watu wengine. Kanuni yake moja inafaa kutajwa: mwenye mashine anapogusa tu kibodi, kazi ya mgeni huondoka na kwenda kutafuta hifadhi kwingine. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Condor ilimpa jembe siku ya kwanza, na mwenyeji aliporudi ikamwambia mgeni aende zake.

Hatua ya kutoka katika jengo moja na kuvuka mipaka ya vyuo na nchi ndiyo iliyozaa kile kinachoitwa gridi. Mwaka 1995, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta zenye uwezo mkubwa uliofanyika San Diego, vituo 17 vya Amerika ya Kaskazini viliunganishwa katika majaribio yaliyojulikana kama I-WAY. Kutokana na uzoefu huo Ian Foster, Carl Kesselman na wenzao waliendeleza programu za Globus, na mwaka 1998 Foster na Kesselman walihariri kitabu ambacho ndicho hasa kilichoeneza jina la gridi. Miaka minne baadaye, mwaka 2002, Foster aliona haja ya kuwazuia watu kuliita kila jambo gridi, akaweka masharti matatu: rasilimali zinazounganishwa zisiwe chini ya mamlaka moja, kanuni za kuwasiliana ziwe wazi na za wote, na huduma inayopatikana iwe na uzito kuliko ile ambayo kila mshiriki angeipata peke yake. Msomaji ayakumbuke masharti haya, hasa lile la kwanza, kwa kuwa hoja yetu yote imejengwa juu yake.

Ugumu wa gridi hauko katika kupeleka kazi mbali, kwani waya hufanya hivyo. Uko katika kuaminiana. Kwa nini kituo cha Lyon kiiruhusu kazi ya mtu asiyejulikana kutoka Taipei itumie mashine zake? Jibu lililopatikana ni cheti cha kidijitali ambacho mtafiti hutolewa na mamlaka ya nchi au taasisi yake, na ambacho vituo vyote vimekubaliana kukitambua. Aliyeishi Tanzania ataufahamu utaratibu huu bila kufundishwa: ni ile barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Anayeipokea hamjui aliyeileta, anaujua mhuri. Juu ya vyeti hivyo hujengwa kundi la watafiti wenye lengo moja, waliotawanyika katika taasisi nyingi, ambao mbele ya mashine huhesabiwa kama watu wa nyumba moja.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa CERN, maabara ya fizikia iliyoko karibu na Geneva. Ilipokuwa ikijenga mtambo wake mkuu wa kugonganisha chembe, ilikadiriwa kwamba mtambo ungetoa data ya petabaiti zipatazo 15 kila mwaka. Kama data hiyo ingewekwa katika sahani za CD na sahani hizo zikapangwa moja juu ya nyingine, lundo lingezidi kilomita 20, yaani zaidi ya mara tatu ya kimo cha Mlima Kilimanjaro. Hakuna jengo moja ambalo lingeweza kuyabeba hayo kwa gharama iliyokubalika, na hata kama lingekuwapo, nchi zilizoshiriki zisingependa fedha zao zote ziende kununua mashine za kuwekwa katika nchi moja. Kwa hiyo data ilipangiwa ngazi. Ngazi ya sifuri iko CERN kwenyewe. Ngazi ya kwanza ni vituo vikubwa zaidi ya kumi vyenye jukumu la kuhifadhi nakala. Ngazi ya pili ni vyuo na maabara nyingi zinazofanya uchanganuzi. Jumla yake ni vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. Kila mshiriki huahidi kwa maandishi, mwaka hadi mwaka, kiasi cha mashine na hifadhi atakachotoa. Tarehe 4 Julai 2012, CERN ilipotangaza kuonekana kwa chembe mpya iliyokuja kuthibitishwa kuwa ni ya Higgs, matokeo hayo yalikuwa yamepitia katika gridi hii.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kila mgongano wa chembe unaweza kuchunguzwa peke yake bila kuujua mwingine. Hapa ndipo ilipo siri ya teknolojia hii na pia mpaka wake. Kazi inayogawanyika katika vipande visivyohitaji kuzungumza huifaa gridi sana. Kazi ambayo vipande vyake hutegemeana kila wakati, kama vile utabiri wa hali ya hewa, ambapo upepo wa eneo moja hauwezi kukokotolewa bila kuujua wa eneo la jirani, huhitaji mashine zilizokaa pamoja na kuunganishwa kwa nyaya za kasi ya pekee. Anayeahidi kwamba gridi hufanya kila kitu ama hajaitumia ama anaiuza.

3.0 Sitiari ya umeme na kasoro yake

Waliochagua jina la gridi walikuwa na sababu. Walitaka siku moja mtafiti achomeke kompyuta yake ukutani na kupata uwezo wa kukokotoa kama apatavyo umeme, bila kuuliza unatoka bwawa gani. Ndoto hiyo ilitangulia gridi yenyewe. Mwaka 1961 John McCarthy, akihutubia katika taasisi ya MIT, alikwisha kutabiri kwamba ukokotoaji ungeweza kuja kuwa huduma ya umma mfano wa simu.

Tuitazame sasa sitiari hiyo kwa macho ya mtu wa Afrika Mashariki. Gridi ya umeme ina mzalishaji na ina mteja. Mteja hachangii umeme, hununua. Nchini Tanzania uhusiano huo umepewa jina lililo wazi kabisa, LUKU, yaani lipa umeme kadiri utumiavyo. Aidha, gridi kwetu ni kitu kinachokatika. Waliokuwapo mwaka 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa, hawatausahau mgao wa umeme, na inafaa kuzingatia kwamba neno mgao, ambalo kwa asili lina maana njema ya kugawana, tangu hapo limebeba giza. Kumwambia mwanafunzi wa Kiswahili kuwa vyuo vimeunganishwa katika gridi ni kumletea picha ya mkubwa mmoja anayetoa na wadogo wengi wanaongoja.

Picha hiyo ni kinyume cha sharti la kwanza la Foster. Gridi ya kompyuta haina mwenyewe mmoja. Lakini, na hapa historia imetutania kidogo, mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kuuza hifadhi na uwezo wa kukokotoa kwa saa, kutoka katika mashine zake yenyewe, kwa kila mwenye kadi ya benki. Huduma ya namna hiyo ikaitwa wingu. Ndani ya miaka michache wingu likawa biashara kubwa, na miradi mingi iliyojiita gridi ikanyamaza au ikabadili jina. Basi kile ambacho sitiari ya umeme ilikiahidi, yaani kuchomeka, kutumia na kulipa, kimetimizwa na wingu. Kama tungekuwa wakweli kwa maana, wingu ndilo lingestahili kuitwa gridi, na anayelitumia angelipia LUKU yake. Ile iliyoitwa gridi ilibaki bila jina linaloifaa.

4.0 Ujima, ngwe na kijumbe

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kukumbushwa mbinu za uundaji wa istilahi zilizofafanuliwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko katika kiongozi chao cha mwaka 1992. Tunachotaka kusema ni kwamba katika taaluma ya kompyuta tumeelekea kuzitumia mbinu mbili tu, utohozi na tafsiri ya neno kwa neno, na kuiacha ile ya kulipa neno la zamani maana mpya, ingawa ndiyo iliyotupatia mtandao, neno ambalo leo hakuna anayelitilia shaka. Gridi ni utohozi. Wingu ni tafsiri ya neno kwa neno.

Ujima ni kazi ya kusaidiana. Wanakijiji hukusanyika kulima shamba la mmoja wao leo, la mwingine kesho. Hakuna anayeliuza jembe lake wala anayelimiliki kundi. Kila mtu hubaki na shamba lake na jembe lake, lakini nguvu huunganishwa kwa makubaliano yanayojulikana. Tukiyalinganisha maelezo hayo na masharti matatu tuliyoyataja, tunaona yanalingana bila kulazimishwa.

Ubora wa istilahi huonekana zaidi inapozaa. Tukilipima neno hili kwa vigezo maarufu vya PEGITOSCA, uzalishi wake ni mkubwa kuliko wa gridi, kwa sababu halikuja peke yake. Lilikuja na shamba lake. Kipande cha kazi kinachotumwa kwa mashine moja kiitwe ngwe. Ngwe ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu ailime. Lakini pia ni kipindi au zamu, kama tusemavyo kwamba kiongozi amemaliza ngwe yake. Lugha nyingine zitalazimika kutumia maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja linalounganisha fungu la kazi na zamu ya mfanyaji. Ama ile programu ya kati inayopokea maombi, kutafuta mashine iliyo huru na kurudisha majibu, tunapendekeza iitwe kijumbe, neno tunaloliazima si shambani bali katika upatu. Kijumbe wa upatu hukusanya na kugawa, huijua orodha ya zamu, na fedha zinazopita mikononi mwake si zake. Mhandisi hawezi kuieleza programu hiyo vizuri zaidi ya hapo.

Yapo mapingamizi. La kwanza tuliambiwa na mwenzetu wa idara ya historia: katika vitabu vya shule, ujima ni jina la mfumo wa kwanza wa uzalishaji mali, uliotangulia utumwa na ukabaila, na mwanafunzi atadhani tunazungumzia kompyuta za zama za mawe. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, matumizi hayo ya vitabuni yalikuwa yenyewe ni upanuzi wa maana, na neno lililopanuliwa mara moja linaweza kupanuliwa tena. La pili ni kwamba harambee lingefaa zaidi. Harambee ni neno zuri, lakini nchini Kenya limeegemea zaidi uchangishaji wa fedha, ambapo mchangaji hutoa na kwenda zake; halina zamu ndani yake. Msaragambo nalo lina wenyewe, hasa watu wa kaskazini mwa Tanzania, na mtu wa Lamu au Bukavu atalihitaji lifafanuliwe. La tatu ni lile la ukimataifa, kwamba gridi hueleweka duniani kote. Tunajibu kwamba majina ya miradi yataendelea kuwa majina ya miradi. Na tunaongeza, kwa njia ya mabano tu, kwamba ujima nalo limesafiri. Tangu mwaka 1966 limekuwa mojawapo ya kanuni saba za sikukuu ya Kwanzaa ya Wamarekani weusi, likiwa na maana ya kazi na wajibu wa pamoja.

5.0 Shamba la nani?

Tumefika Kilombero. Mwaka 2006 ulizinduliwa mpango ulioitwa Africa@home, ulioishirikisha CERN na taasisi nyingine za Uswisi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa malariacontrol.net, mradi wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki iliyokuwa Basel wakati huo. Watu wa kawaida, wengi wao katika nchi tajiri, walijitolea kompyuta zao za nyumbani ziendeshe kielelezo cha kihesabu cha maambukizo ya malaria: je, vyandarua vikigawiwa kwa kiasi hiki, chanjo ikiwa na nguvu kiasi kile, vifo vitapungua kwa kiasi gani? Kila jibu lilihitaji kuigiza maisha ya maelfu ya watu wa kubuni kwa miaka mingi, mara nyingi mno, na kila uigizaji ulikuwa ngwe inayojitegemea. Utaratibu ulikuwa ule uliokwisha kuzoeleka tangu mwaka 1999 katika SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo mpaka iliposimamisha ugawaji wa kazi mwaka 2020 ilikuwa imeshirikisha mamilioni ya watu katika kusikiliza dalili za viumbe wa sayari za mbali. Katika miradi ya namna hiyo ngwe moja mara nyingi hukabidhiwa watu wawili au zaidi wasiojuana ili majibu yao yalinganishwe. Wazee wetu walimgundua mvivu kwa kutazama majani aliyoyaacha.

Kielelezo cha Basel hakikuoteshwa hewani. Kilijengwa kwa data zilizokusanywa nyanjani katika sehemu kadhaa za Afrika, na miongoni mwake ni vijiji vya Bonde la Kilombero, ambako taasisi hiyo ya Uswisi imekuwa na uhusiano na kituo cha utafiti cha Ifakara tangu miaka ya 1950. Mbu waliohesabiwa, watoto waliotobolewa vidole, kinamama waliojibu maswali kwa Kiswahili: hao ndio waliokuwa mbegu. Majembe yalikuwa ya Ulaya na Marekani. Hatusemi kwamba kulikuwa na dhuluma, kwani faida ya kupunguza malaria ni ya Kilombero kabla ya kuwa ya Basel, na watafiti wa Ifakara ni washirika halisi katika taaluma hiyo. Wala mfano huu si wa pekee. Katikati ya mwaka 2005 mradi wa WISDOM ulitumia gridi ya Ulaya kujaribu, kwa hesabu tu, namna mamilioni ya molekuli zinavyoshikamana na protini za kimelea cha malaria, na kwa wiki chache ukamaliza kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka ipatayo 80.

Tunachosema ni jambo la kiisimu, lakini matokeo yake yanavuka isimu. Anayeliita jambo hili gridi hatauliza zamu yake ni lini, kwa sababu mteja hana zamu. Ana bili au ana msaada. Anayeliita ujima atauliza papo hapo: leo tumelima kwa data yetu, je, ni lini shamba letu litalimwa, na ni nani aliyetushirikisha katika kupanga orodha? Washiriki wa gridi ya CERN huuliza swali hilo kila mwaka na hujibiwa kwa maandishi.

6.0 Mashamba yetu wenyewe

Msomi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba mjadala huu ni wa wanafizikia na waganga. Sivyo. Kopasi ya Kiswahili inayotumiwa sana na wanaisimu, ile ya Helsinki iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Sehemu kubwa ya matini hizo iliandikwa Afrika Mashariki, nasi huzifikia kupitia seva zilizoko Finland. Tunawashukuru waliozikusanya wakati wengine wetu tulipokuwa bado tunahesabu viambishi kwa kadi za karatasi. Lakini hazina iliyobaki nje ya kopasi yoyote ni kubwa mno. Yapo magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na Baraza, lililoanza mwaka 1939. Zipo kanda za simulizi. Ipo miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo sehemu yake imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine Zanzibar, nyingine London katika maktaba ya SOAS, na nyingine bado imo katika masanduku ya familia za pwani.

Hakuna taasisi miongoni mwa hizo itakayokubali kumkabidhi mwenzake miswada yake, na tunadhani iko sahihi. Ndiyo maana wingu, ambalo humtaka kila mtu apeleke vitu vyake katika ghala la tajiri mmoja, haliondoi tatizo. Ujima huliondoa: mswada hubaki kwa mwenyewe, picha yake hubaki katika mashine ya mwenyewe, na kijumbe hupokea swali la mtafiti, hulipeleka katika kila ghala linalomtambua kwa cheti chake, na kumrudishia majibu. Kazi nazo hugawanyika kwa urahisi wa ajabu. Kugeuza picha ya ukurasa wa gazeti kuwa maandishi ni ngwe moja kwa kila ukurasa. Kuchanganua vitenzi kimofolojia ni ngwe moja kwa kila sentensi. Hatutadai zaidi ya hapo. Kufundisha mifumo mikubwa ya lugha ya siku hizi, ambayo maelfu ya vichakataji vyake hulazimika kusemezana kila nukta, si kazi ya kompyuta zilizotawanyika katika ofisi za wahadhiri. Lakini mifumo hiyo hula matini, na atakayekuwa na matini safi za Kiswahili, zenye historia na wenyewe wanaojulikana, atakuwa na la kusema mezani.

Kikwazo cha mawasiliano, kilichokuwa kikubwa tulipotegemea setilaiti, kimepungua sana tangu nyaya za baharini zilipoanza kufika pwani yetu mwaka 2009, na mitandao ya vyuo kama KENET ya Kenya na TERNET ya Tanzania imeunganishwa na mingine ya Afrika na ya Ulaya. Programu za kijumbe hutolewa bure. Condor yenyewe ingali hai, ingawa imeongezewa herufi katika jina lake. Umeme tunaujua. Kilichobaki ni idara mbili au tatu za Kiswahili zikubaliane kwa maandishi nani atatoa mashine ngapi, saa zipi, kwa masharti gani, na shamba la nani litatangulia. Hati ya namna hiyo haihitaji mhandisi kuiandika. Inahitaji wahadhiri wanaojua Kiswahili, na tungependa iandikwe kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wa semina tuliyoitaja alimaliza uchanganuzi wake kwa kompyuta moja aliyoiazima kwa ndugu yake, kwa muda wa wiki saba. Katika muda wote huo, kwenye chumba cha kompyuta cha orofa ya chini, mashine zipatazo thelathini zilifunikwa kwa vitambaa kila siku ilipogonga saa kumi jioni, na mlango ukatiwa kufuli.